Safari ya Timboroa na nyumba mgongoni: Mlima haumalizi mafuta kama haraka

SAFARI ya kutoka Nairobi hadi Eldoret ni ya kilomita 310 hivi, na wengi wa wasomaji wetu wameifanya ndani ya basi au matatu, nusu macho, nusu usingizini. Lakini kwa dereva aliyefunga trela la kupigia kambi nyuma ya gari lake, barabara hii hugeuka kuwa darasa. Kila kilima humwuliza swali na kila mteremko husahihisha jibu lake.

Zipo familia za mjini zinazopenda usafiri wa namna hii, na sababu haihitaji kutafutwa mbali. Baba, mama na watoto wanne wakilala hotelini siku tatu za likizo, karo ya muhula ujao huanza kutikisika. Trela hubeba hema la kukunjua, magodoro, jiko la gesi, sufuria na tangi la maji. Mkifika Naivasha au Nakuru, mnalipa ada ya kambi tu, na watoto wanapata hadithi ya kuwasimulia wenzao shule zikifunguliwa.

Shida huanza kwenye kituo cha petroli. Gari lililozoea kwenda kilomita 10 kwa lita moja sasa linakwenda saba, pengine sita. Mwenye gari hukuna kichwa, kisha hulaumu milima. Husema ukitaka kuvuta trela katika nchi yenye Bonde la Ufa, ujiandae kunywesha injini kama ng'ombe wa kiangazi.

Je, ni kweli mlima ndio mwizi? Hebu tuifuate barabara yenyewe, tukipiga hesabu njiani.

Limuru: Uzani na lita mbili

Ukiondoka Nairobi asubuhi, uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Punde tu ukipita Kikuyu, barabara inaanza kuinuka, majani chai ya Limuru yanatokea kandokando, na baridi inaingia dirishani. Kufikia Kinale, ambako wachuuzi hupanga viazi, karoti na kabichi kando ya lami, umepita mita 2,300. Hapa ndipo dereva mgeni husikia gari likilia, na mtoto aliye kiti cha nyuma huuliza, "Baba, mbona lori limetupita?"

Tuchukue trela la kilo 1,000, yaani tani moja pamoja na mizigo yake. Sayansi ya shule ya upili inatuambia kazi ya kuinua tani moja kwa kimo cha mita 1,000 ni kama megajuli 10. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, lakini injini hupoteza sehemu kubwa kama joto, na kinachofika magurudumuni ni robo yake au zaidi kidogo. Kwa hiyo kuinua trela hilo mita 1,000 kunagharimu lita moja ya petroli na kidogo juu.

Sasa jumlisha miinuko yote ya safari: kupanda Limuru, kisha, baada ya kushuka Naivasha, kupanda tena Gilgil, na mwisho ule mwinuko mrefu wa kutoka Nakuru hadi Timboroa. Kwa sababu ya trela, milima yote hiyo inakudai kama lita mbili hivi. Lita mbili tu! Bei hiyo haiwezi kuelezea tangi linalokauka kabla ya kufika Burnt Forest.

Hii haina maana kwamba uzani ni jambo la kudharauliwa. Kila kilo huongeza joto la injini kwenye kilima na mzigo wa breki kwenye mteremko. Tangi la maji la lita 60 lina kilo 60, na maji yanapatikana kambini. Kuni pia zinauzwa huko uendako. Basi jaza maji ya kunywa, mengine yaache.

Mizigo mizito, kama vile tangi, betri na sanduku la vyombo, ikae karibu na ekseli, na ielemee mbele kidogo. Pale trela linaposhikana na gari, pabebe kama sehemu moja kwa kumi ya uzani wa trela. Ukirundika vitu vizito nyuma kabisa, trela litaanza kuyumba kama mkia wa samaki, na hapo hakuna dereva hodari.

Naivasha hadi Nakuru: Upepo usioonekana

Kuna njia mbili za kushuka bondeni. Ya chini hupitia Mai Mahiu, ile iliyojengwa kwa jasho la wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940, wakaacha kikanisa kidogo chini ya ukingo kama ukumbusho. Nyembamba, ina kona nyingi, na malori huipenda. Ya juu hupitia Kinungi hadi Naivasha, na ndiyo inayomfaa zaidi mwenye trela. Kwenye njia zote mbili Mlima Longonot unasimama mbele yako, mita 2,776, ukiwa na kinywa chake wazi. Ukumbuke mlima huo, tutaurudia.

Naivasha kuna kambi kando ya ziwa, na mbuga ya Hell's Gate iko karibu, ambako mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya pundamilia na swara. Familia nyingi hulala hapa usiku wa kwanza. Wanaoendelea hupita Gilgil, wakaona Ziwa Elmenteita likimetameta upande wa kushoto, kisha wakafika Nakuru, mji ulio kilomita 160 hivi kutoka Nairobi.

Kati ya Naivasha na Nakuru barabara haina mlima mkali. Dereva hupumua, hukanyaga mafuta, na mshale wa kasi hupanda hadi 100. Hapa, msomaji, ndipo mwizi wetu anapoingia tangini.

Mwizi huyo ni upepo. Gari peke yake hupasua hewa kwa uso wake wa mbele. Trela refu lililosimama wima nyuma yake ni kama ukuta unaosukumwa barabarani, na laweza kuongeza mara mbili au zaidi ule ukinzani wa hewa. Tena ukinzani huo hauongezeki sambamba na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, ukinzani huzidi mara nne. Ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, kasi imeongezeka kwa robo moja, lakini upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu iliyozidi nusu nzima, na injini inahitaji karibu mara mbili ya nguvu iliyokuwa ikitumia kupasua hewa.

Tupige hesabu kwa trela refu la kawaida. Kwa kila kilomita 100 unazokwenda kwa kasi ya 100 badala ya 80, unachoma lita tatu au nne za ziada. Umepata nini? Kwa kasi ya 80, kilomita hizo hukuchukua saa moja na robo. Kwa kasi ya 100, hukuchukua saa moja. Umenunua dakika 15 kwa lita tatu au nne, wakati milima yote hadi Timboroa inakudai lita mbili.

Ndiyo sababu matrela mafupi, yale yanayokunjwa hema lake na kujificha nyuma ya gari, hayali mafuta kama yale marefu, hata uzani ukiwa sawa. Ndiyo sababu pia si busara kupakia magodoro na viti kwenye keria juu ya paa. Anayetaka kununua trela, au kuundiwa na mafundi wa vyuma, asiulize uzani peke yake. Apime pia urefu wake wa kwenda juu, alinganishe na paa la gari lake.

Na kabla ya kuondoka aangalie upepo wa magurudumu, ya gari na ya trela. Gurudumu lililolegea huvutana na lami, hupata moto, na laweza kupasuka likiwa limebeba nyumba yako.

Salgaa hadi Timboroa: Injini inayokosa pumzi

Ukitoka Nakuru, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,850 hivi, mchezo unabadilika. Barabara inapita Salgaa, kituo maarufu cha madereva wa malori, kisha inapanda Sachangwan, njia panda ya Molo, na Mau Summit ambako barabara ya Kericho inachepuka. Mashamba ya viazi, kondoo wenye manyoya mazito na misitu ya misonobari hukuambia umeingia nchi ya baridi. Unavuka mstari wa Ikweta, na muda si muda uko Timboroa.

Hapa kimo ni zaidi ya mita 2,700. Ule Mlima Longonot uliouona asubuhi ukiwa juu ya kichwa chako, sasa umefika karibu sawa na kilele chake bila kushuka garini. Reli ya kwenda Uganda, iliyofika Eldoret mwaka wa 1924, nayo hupita papa hapa, na kituo cha Timboroa ni miongoni mwa vituo vya reli vilivyo juu zaidi barani Afrika.

Kwa injini, kimo hiki ni jambo kubwa. Petroli na dizeli haziungui bila hewa, na hewa ya Timboroa ni nyepesi. Kila lita ya hewa ina kama robo tatu tu ya ile hewa ambayo ingekuwa ndani yake Mombasa. Injini ya kawaida isiyosaidiwa, ambayo Mombasa ilikuwa na nguvu za farasi 100, hapa Timboroa inabaki na 75 hivi. Farasi 25 wamebaki pwani wakioga baharini!

Injini yenye turbo hupoteza kidogo zaidi tu kuliko ilivyo chini, kwa kuwa ina feni inayosukumwa na moshi wake yenyewe, na feni hiyo hushindilia hewa ndani ya silinda. (Turbo hii haihusiani na mji wa Turbo ulio mbele ya Eldoret, ingawa wenyeji hawatakasirika ukifikiri hivyo.) Magari ya zamani yenye kabureta huumia maradufu: hewa hupungua lakini petroli haipungui kwa kiasi hichohicho, basi moshi huwa mweusi, mafuta huharibika na nguvu haionekani.

Sasa tuone nguvu hiyo inahitajika wapi. Gari la tani mbili likivuta trela la tani moja, kwenye mwinuko wa mita sita kwa kila mita 100, kwa kasi ya 60, linahitaji injini itoe nguvu za farasi 65 hivi. Injini yetu ya 75 inaweza, ingawa haina akiba kubwa. Ukitaka kupanda kwa kasi ya 80, unahitaji karibu farasi 100, na hao hawapo. Unaweza kukanyaga mafuta hadi sakafuni, gari halitakwenda. Utachoma mafuta na kuipika injini, basi.

Kwa hiyo dereva mwenye busara haoni haya kuteremka hadi gia ya tatu au ya pili, akaiacha injini izunguke kwa wepesi, akapanda kwa kasi ya 50 au 60 upande wa kushoto, na wenye haraka wakapita. Wapo wanaodhani kuing'ang'ania gia ya juu kunaokoa mafuta. Injini inayotetemeka na kugugumia ndani ya gia ya tano mlimani inaumia, inapata moto, na haiokoi chochote. Wenye gari la gia za kujiendesha nao waizime ile gia ya juu ya barabara tambarare, ili sanduku la gia lisiwe likipanda na kushuka kila dakika na kuchemsha mafuta yake.

Ndiyo sababu pia injini ya dizeli hupendwa kwa kazi hii. Nguvu yake ya kuvuta hupatikana mapema, injini ikizunguka polepole, ilhali nyingi za petroli hutaka kuzungushwa kwa kasi ndipo zitoe yote. Anayenunua gari la kuvuta asidanganywe na idadi ya farasi iliyoandikwa kwenye karatasi. Aulize farasi hao hupatikana injini ikizunguka kwa kasi gani, na kama kuna turbo.

Jicho lisibanduke kwenye kipimo cha joto. Timboroa maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta hushikilia shinikizo ili maji yasichemke mapema, kwa hiyo kifuniko kilicholegea, ambacho Mombasa kingevumilika, hapa kitakuacha kando ya njia ukitoa mvuke. Mshale ukipanda, egesha mahali pa usalama, weka mawe nyuma ya magurudumu ya gari na ya trela, na ungoje. Usifungue rejeta ikiwa moto. Watoto wanunue karoti, wakae mbali na barabara.

Kurudi: Mafuta ya bure yanayoua

Likizo ikiisha, barabara hugeuka. Ulichokipanda sasa unakishuka, na hapa ndipo pana hesabu iliyo nzito kuliko ya mafuta.

Sehemu ya Sachangwan hadi Salgaa imeandikwa kwa machozi katika magazeti yetu. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakaenda kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Mkesha wa Mwaka Mpya wa 2018, basi na lori viligongana Migaa, na watu 36 wakafa. Kila ajali ina chanzo chake. Lakini kwa miaka mingi polisi na maafisa wa barabara walilalamikia desturi moja kwenye mteremko huu: madereva wa malori kutoa gia na kuliacha gari lishuke lenyewe, ili wabaki na lita kadhaa za dizeli.

Mwenye trela naye hushawishika. Mteremko ni mrefu, gari linataka kwenda, mbona injini ile mafuta? Anaweka gia huru. Anadhani anapata mafuta ya bure.

Kwanza, hapati. Injini za kisasa zinazoendeshwa kwa kompyuta, zikiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya kanyagio la mafuta, hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na haichomi hata tone. Ukiweka gia huru, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Aliyetoa gia ndiye anayetumia zaidi.

Pili, amezitupa breki zake kubwa kuliko zote. Tani tatu zikishuka mita 300, nguvu inayoachiliwa ingetosha kuchemsha ndoo ya lita 20 ya maji baridi na kubakiza. Upepo na magurudumu huchukua sehemu. Iliyobaki lazima iende mahali: ama ndani ya injini iliyo kwenye gia ya chini, ama ndani ya breki. Breki zikipokea yote, hupata moto, hunuka, kisha kanyagio hulainika na kuzama, na gari haliitikii tena. Nyuma yako kuna nyumba ya tani moja isiyokuwa na huruma.

Kanuni ya madereva wa zamani ni nyepesi: shuka kwa gia uliyopandia, au ya chini yake. Kabla mteremko haujaanza, si katikati, punguza mwendo na uteremshe gia. Injini ingurume, ndiyo kazi yake. Breki uikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha uiachie ipoe, badala ya kuibonyeza kidogokidogo njia nzima. Trela la tani moja liwe na breki zake lenyewe, na fundi azikague kabla ya safari. Minyororo ya usalama na taa za nyuma zisisahauliwe, kwani ukungu wa Timboroa na Kinale hauchagui saa.

Kwa hivyo anayepanga likizo ya Desemba asiogope kuvuta trela kwa sababu ya milima. Milima inadai lita mbili na subira. Kinachokausha tangi ni ile tamaa ya kukimbia kwa 100 na ukuta nyuma yako, na kinachomaliza familia ni ile tamaa ya mafuta ya bure kwenye mteremko. Zote mbili zinatibika kwa mguu mwepesi na gia sahihi. Kati ya Naivasha na Nakuru, ukienda kwa 80 badala ya 100, utachelewa chini ya dakika 15. Chai ya thermos haitakuwa imepoa.